Damu ya Baba na Damu ya Mama

Katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni hakuna neno lisemwalo kwa wepesi kama hili la kuwa ukoo fulani una maradhi. Lasemwa barazani, lasemwa jikoni, na zaidi lasemwa posa inapoletwa. Na kila lisemwapo hupatikana wa kubebeshwa mzigo wake, na mara nyingi huyo ni mwanamke. Sisi tunaosomesha watoto Kurani, na tumefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, tumeyasikia maneno hayo kwa akina baba, tukayasikia tena kwa watoto wao walipokuwa akina baba. Tumeona inafaa tuyaandike, kwani jambo hili lina elimu yake leo, na elimu hiyo imefika hospitalini zamani lakini majumbani bado haijaingia vizuri.

Maradhi tunayoyakusudia ni yale ambayo madaktari wetu huyaita seli mundu. Jina limetokana na mundu wa kukatia. Chembe nyekundu za damu za mtu wa afya ni za mviringo na laini, mfano wa kitumbua kilichobonyezwa katikati. Lakini za mgonjwa huyu hujikunja zikawa kama mundu, au kama hilali. Chembe ya mviringo hupita katika mishipa midogo kwa wepesi. Iliyojikunja hukwama, na zikikwama nyingi damu husimama, na mahali pasipofika damu huuma maumivu ambayo aliyeyaona kwa mtoto hayasahau. Tena chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hali ya kuwa hii ya mundu huishi siku 10 mpaka 20 tu ikafa, na mwili hauwahi kuunda nyingine kwa haraka hiyo. Ndiyo sababu mtoto huwa mchache wa damu, macho yakawa ya manjano, akachoka kabla ya wenziwe.

Wazee wetu hawakuwa na jina moja la maradhi haya. Walikuwa na mengi. Viungo vikiuma waliyaita baridi yabisi. Tumbo likijaa upande wa kushoto waliita bandama. Mtoto akiishiwa na damu ghafula, basi ni jicho la husuda au shetani aliyetumwa. Na kila jina lilikuwa na dawa yake. Chuoni kwetu wamepita watoto wenye alama za chale tumboni, wamechanjwa kwa wembe ili bandama ishuke. Yaani mtoto ambaye shida yake ni uchache wa damu akapunguzwa damu ile kidogo aliyo nayo! Hatuwacheki wazee hao. Walitafuta kwa kadiri ya taa waliyokuwa nayo. Hata majina yetu yana habari hiyo ndani yake: Mashaka, Tabu na Shida ni majina ya watu waliozaliwa nyumba ikiwa na msiba, na hatuna shaka kuwa katika nyumba nyingine msiba wenyewe ulikuwa huu wa kuzika mtoto baada ya mtoto, asijulikane muuaji.

Sasa tutoe kisa kimoja, nacho tumekiona kwa macho yetu, ila majina ya watu tutayastahi.

Palikuwa na bwana mmoja Temeke, fundi cherehani, mtu wa sala tano na wa maneno machache. Alimwoa binti wa mjomba wake, wakazaa watoto wanne. Wa kwanza alipokaribia kutimiza mwaka alivimba vidole vya mikono na miguu, akalia usiku kucha. Alikufa hajatimiza miaka mitatu. Wa pili alikuwa mzima. Wa tatu akawa kama wa kwanza. Wa nne mzima. Dada za yule bwana wakaanza kusema kuwa tumbo la mkewe lina mchango unaokula watoto, na ya kuwa akiendelea naye atabaki bila ya kizazi. Maneno yakarudiwa mpaka yakamwingia. Akamwacha. Mama wa watu akarudi kwao Mbagala na yule mtoto mgonjwa begani, na wale wawili wazima, maana mkubwa wao hakuwa ametimiza miaka tisa.

Bwana akaoa mke mwingine, kutoka bara, wakazaa watoto watatu, wote wazima. Basi dada zake wakapata hoja. Wakasema: mnaona sasa? Mtaa mzima ukaona.

Lakini yule mama naye, baada ya miaka miwili, aliolewa na mvuvi mmoja, akazaa naye watoto wawili. Nao wote ni wazima. Hapo mtaa ulinyamaza. Maana ikiwa ubaya ulikuwa katika tumbo lake, mbona tumbo lile lile limezaa wazima? Na ikiwa ubaya ulikuwa kwa mume, mbona naye amezaa wazima? Wako waliosema kuwa ile ndoa ya kwanza ilifanyiwa uchawi. Ni rahisi kusema hivyo, kwa sababu uchawi haudaiwi hesabu. Lakini jambo hili hesabu yake ipo, tena ni ndogo, mtoto wa darasa la tano aifahamu.

Kila mtu katika sisi, katika mambo mengi ya mwili wake, ana mafungu mawili: fungu moja kapewa na baba, na fungu moja kapewa na mama. Wataalamu huyaita mafungu hayo jeni (wanafunzi wetu husikia jini, nasi huwarudisha), na kwa Kiswahili kizuri zaidi huitwa vinasaba, neno lililochongwa katika nasaba. Liko fungu linaloongoza namna damu inavyoundwa. Mtu akiwa na mafungu mawili mazima, damu yake ni nzima. Akiwa na moja zima na moja la mundu, yeye haumwi. Lile zima latosha kumwendesha, naye huishi akaoa akazeeka asijue kuwa analo la pili. Madaktari humwandika AS. Akiwa na yote mawili ya mundu, huyo ndiye mgonjwa, naye huandikwa SS.

Basi yule fundi cherehani alikuwa AS, na binti wa mjomba wake alikuwa AS vile vile. Wote wawili wazima wa afya, na kila mmoja amebeba fungu moja asilolijua. Watu wawili kama hao wanapozaa, kila mimba ina njia nne: mtoto apate zima kwa baba na zima kwa mama, au zima kwa baba na la mundu kwa mama, au la mundu kwa baba na zima kwa mama, au la mundu kwa wote wawili. Njia moja katika nne ni ya ugonjwa, mbili ni za kubeba bila ya kuumwa, na moja ni ya kusalimika kabisa. Wala hesabu hii haina zamu. Wako wanaodhani kuwa akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. La, kila mimba huanza hesabu upya. Wako waliozaa wagonjwa watatu mfululizo, na wako waliozaa watoto saba wasipate hata mmoja, wakatoka duniani hawajui walichokuwa nacho.

Yule bwana alipooa mke mwingine asiye na fungu hilo, hakuna mtoto wao aliyeweza kupata mafungu mawili, kwani la pili lingetoka wapi? Na yule mama alipoolewa na mvuvi asiye nalo, kadhalika. Maradhi hayakuondoka kwa mmoja yakaenda kwa mwingine. Yalikuwa kwa wote wawili sawa sawa, nusu kwa nusu, na yalionekana tu zilipokutana nusu zile. Ama wale watoto watatu wa mke wa pili, ambao shangazi zao huwaonyesha kama ushahidi, kila mmoja wao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa amelichukua fungu la baba yake. Siku moja nao wataposa na kuposwa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1904 kijana mmoja, Walter Clement Noel, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada aliyekwenda Chicago kusomea utabibu wa meno, alifika hospitali akiwa mgonjwa, na damu yake ikatazamwa kwa hadubini. Mwaka 1910 daktari James Herrick akaandika habari za chembe zile zilizojikunja. Mwaka 1949 ndipo James Neel huko Marekani, na daktari Beet aliyefanya kazi Afrika ya Kati, kila mmoja kwa njia yake, walipobainisha kuwa mgonjwa hurithi kwa wazazi wote wawili. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenziwe wakaonyesha kuwa tofauti imo katika ile rangi nyekundu inayobeba hewa ndani ya damu.

Lakini kwa sisi wa Afrika Mashariki habari nzuri zaidi ni ya Anthony Allison, kijana wa kizungu aliyekulia Kenya. Alipokuwa mwanafunzi alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona jambo la ajabu: pwani na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji wa fungu la mundu ni wengi, na huko juu milimani penye baridi ni wachache sana. Akajiuliza ni kitu gani kilichoko pwani na ziwani ambacho milimani hakipo. Jawabu ni mbu. Mwaka 1954 alitangaza kuwa mtoto mwenye fungu moja la mundu amekingwa na malaria kali kuliko asiye nalo kabisa. Basi kwa karne nyingi, katika nchi za malaria, waliokuwa na fungu moja walisalimika wakakua wakazaa, na fungu likaenea. Hii si laana iliyowashukia watu wa pwani. Ni ngao waliyoachiwa na mababu, na wagonjwa wetu ndio waliolipa gharama yake. Tena tuseme wazi, maana watu hukosea hapa: mwenye fungu moja ndiye aliyekingwa. Mgonjwa mwenyewe, mwenye mafungu mawili, hakukingwa, bali malaria kwake ni adui mkubwa kabisa.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi gani kwetu? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, na inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hata mwaka, kazi iliyoongozwa na daktari wetu Julie Makani, na maelfu ya watoto wa mji huu wamepita katika daftari zile. Na baina ya mwaka 2015 na 2016 walipimwa watoto wachanga karibu 4,000 waliozaliwa Muhimbili na katika hospitali yetu ya Temeke. Walioonekana kuwa wagonjwa walikuwa 31, na waliobeba fungu moja walikuwa 505. Yaani katika kila watoto wanane, mmoja amebeba. Msomaji na atazame safu ya watoto wanane waliokaa mkekani na juzuu zao, kisha afikiri.

Hapa hatuna budi kuingia katika jambo la ndoa za jamaa, na tunajua kuwa wako watakaokunja uso. Ndoa ya binamu ni halali, hilo halina mjadala, wala sisi si wa kuiharimisha ilivyohalalishwa. Lakini halali si faradhi. Babu akiwa na fungu la mundu, akampa mwanawe wa kiume na binti yake, nao wakawapa watoto wao, basi wale wajukuu wawili wanapooana fungu lile moja la babu hukutana nafsi yake kwa nafsi yake. Kwa hiyo uwezekano kwa binamu ni mkubwa kuliko kwa watu baki. Hata hivyo tusidanganyane kuwa kuoa mbali ndiyo kinga. Mtu wa pwani akimwoa mtu wa kanda ya ziwa ameoa mbali sana kwa safari, lakini kwa habari ya damu huenda ameoa jirani. Ukoo na kabila havitoshi kukujulisha. Kipimo ndicho kinachojulisha.

Na vipimo vyenyewe viko namna mbili, watu huvichanganya. Kiko kile cha zamani kinachoonyesha tu kuwa chembe hujikunja au hazijikunji; hicho hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Na viko vinavyotenganisha na kuandika AA, AS au SS. Mwenye kutaka kuoa na aulize hasa apewe cha namna ya pili.

Wako wasemao kuwa kupima kabla ya ndoa ni kutilia shaka kadari ya Mwenyezi Mungu. Sisi twasema kuwa Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham, akaambiwa kuwa huko kuna tauni, aligeuza safari yake pamoja na watu wake; na imani ya Umar si ya kutiliwa shaka na yeyote katika sisi. Saudi Arabia, tangu mwaka 2004, wachumba hawafungishwi ndoa mpaka wapimwe maradhi haya ya damu, na Bahrain ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo. Sheria zile hazivunji posa; zataka watu wajue, kisha wenyewe wachague.

Lakini kujua nako kuna adabu yake, na hili ndilo linalotukera kuliko yote tuliyoyataja. Palitokea posa baina ya kijana wa Kinondoni na binti wa ami yake anayekaa Temeke, wote wawili tuliwasomesha. Mdogo wake yule kijana ni mgonjwa wa seli mundu. Sasa angalieni: mdogo akiwa SS, basi baba na mama kila mmoja amebeba; na kaka mzima, kwa kuwa ile njia moja ya ugonjwa imeshatoka katika hesabu yake, zimebaki njia tatu, mbili katika hizo ni za kubeba. Theluthi mbili! Na ami ni ndugu wa baba. Tulipoulizwa tukasema wapimwe. Wazee wakanung'unika, lakini vijana wenyewe wakaenda. Wote wawili wakaonekana AS.

Baba wa kijana akasema ndoa iendelee, na Mungu ndiye mpaji. Binti alipoulizwa na mama yake faraghani alisema hawezi. Yeye ndiye aliyekuwa akilala hospitalini na yule mdogo wa mchumba wake, siku ambazo mama mtu amechoka. Ameyaona yale maumivu usiku wa manane, naye akasema hataki kuyaomba kwa mtoto wake. Sisi tulimpa haki yake ya kukataa, na tungempa vile vile haki ya kukubali, kwani wako wanaooana hali wanajua, wakawa tayari kwa lolote, na hao hatuna la kuwalaumu. Posa ikavunjika kwa heshima.

Kisha siri ikatoka. Nani aliyeitoa hatujui, lakini haukupita mwezi mtaa mzima ukawa unasema kuwa yule binti ana seli mundu. Hana! Amebeba fungu moja, kama mmoja katika kila wanane wa mji huu, na huenda kama yeye aliyekuwa akimsema. Akaja mposaji wa pili, akasikia, akarudi nyuma bila ya yeye mwenyewe kupimwa. Lau angepimwa akaonekana AA, wasingeweza kuzaa mtoto mgonjwa hata wangezaa kumi. Na kijana wa kwanza, ambaye majibu yake yalikuwa yale yale, alioa mwaka uliofuata wala hakuna aliyemuuliza neno. Binti yuko kwao mpaka leo. Majibu ya damu ya mtu ni amana, na mwenye kuitangaza amana ya binti wa watu ajue alichokifanya.

Tusizidishe, lakini, tukadhani kuwa kila maradhi yanayorudiwa katika ukoo yana hesabu ya wazi namna hii. Jamaa zetu walioko Ulaya hutuandikia habari za maradhi ya neva yaitwayo multipo sklerosisi, ambayo ni machache kwetu na mengi katika nchi za kaskazini zenye baridi. Hayo nayo huandama ukoo, lakini kwa namna nyingine: hakuna fungu moja lenye hukumu, bali zaidi ya sehemu 200 za vinasaba, kila moja ikiongeza kidogo. Mtu mwenye ndugu aliyeumwa, uwezekano wake ni kama wawili au watatu katika mia. Na hata pacha wa kufanana, ambaye vinasaba vyake ni vile vile, katika wanne huumwa mmoja tu. Watatu husalimika na damu ile ile! Kisha imeonekana kuwa watoto wa wahamiaji waliotoka nchi za joto, wakizaliwa Uingereza, huipata zaidi ya wazazi wao. Basi huko mtu harithi maradhi. Hurithi wepesi wa kuyapata, na mengine hutokana na mahali na maisha. Anayesikia kuwa mjomba alipooza, kisha akavunja posa ya mpwa, amehukumu kwa dhana.

Turudi kwa watoto wetu, maana wao ndio walioko na wanaoumwa sasa hivi. Mtoto wa seli mundu haonekani na dalili anapozaliwa, kwani miezi ya mwanzo huendeshwa na damu ya namna nyingine aliyotoka nayo tumboni; dalili huanza baada ya miezi sita hivi. Akijulikana mapema, dawa ni chache na zinajulikana: penisilini mpaka atimize miaka mitano, kwa sababu bandama yake haimlindi na vijidudu, vidonge vya foliki, chandarua kila usiku, chanjo zake zote, na maji mengi. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika mahali panne, pamoja na Kilifi, hapo pwani ya Kenya, na majibu yaliyotangazwa mwisho wa mwaka 2018 yalionyesha kuwa maumivu yalipungua, kuongezwa damu kukapungua, na vifo vikapungua. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 ilianza kuwapandikiza watoto uboho wa mifupa waliopewa na ndugu zao wa tumbo moja. Hapo ndipo ile hesabu ya moja katika nne hurudi kwa uso mwingine, kwani uwezekano wa uboho wa ndugu kulingana kabisa na wa mgonjwa nao ni mmoja katika wanne. Si wote watakaoipata tiba hiyo, na gharama zake si za mtu wa Mbagala. Lakini maji na chandarua ni vya kila nyumba.

Kwa walimu wenzetu tuna machache. Mtoto huyu huomba ruhusa ya kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa kuwa figo zake haziwezi kuyazuia maji. Asikataliwe, wala asichekwe akikojoa kitandani hali amekuwa mkubwa. Asikalishwe sakafuni bila ya mkeka miezi ya Juni na Julai. Kiboko hatukisemi, kwani hicho hakifai kwa yeyote. Akisema mfupa waniuma, aaminiwe. Akiwa na homa kali, au akishindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili ukilegea, asipelekwe kwao kulala, apelekwe hospitali saa ile ile. Mvulana kabla ya kutahiriwa, daktari aambiwe habari yake. Na udhu wa alfajiri si lazima uwe wa maji ya baridi. Birika lipo na moto upo.

Ama saumu ya Ramadhani, hii hutuletea shida kila mwaka. Kiu ni katika mambo yanayoiamsha seli mundu upesi, na watoto hawa, kwa kutaka kuwa kama wenziwe, hufunga kwa siri. Mwenye maradhi ya kudumu, ambaye kufunga kwamdhuru wala hatarajii kupona, sheria imemfungulia mlango wa kulisha maskini kwa kila siku aliyokula; na mtoto asiyebaleghe hana hata deni hilo. Yule mtoto wa fundi cherehani, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na husoma chuoni kwetu kila akija kwa bibi yake, alikuja Ramadhani iliyopita midomo imemkauka. Tulimwita kando tukampa maji. Akakataa, akasema wenzake watamwona. Basi tumeweka mtungi ndani, nyuma ya pazia la chumba tunachowekea misahafu, na kikombe chake juu yake. Mama yake, tangu hapo, humtuma na chupa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na siku za kliniki hatumwandiki kuwa hakuhudhuria.